Sikukuu Haiji na Basi la Dar

Desemba ikiingia tu, swali ni lile lile: "Mwaka huu wanatuletea nani?" Nimelisikia stendi ya Kasulu, nimelisikia sokoni Kibondo, nimelisikia kwa vijana wa bodaboda waliojibanza chini ya mabati wakisubiri mvua ipite. Wanachouliza ni msanii gani wa Dar es Salaam atapanda jukwaani kwetu Krismasi au Mwaka Mpya. Wakijibiwa kwamba hakuna, hukumu inatoka hapo hapo: basi, mwaka huu sikukuu hamna. Mwenye nauli anateremka Kigoma mjini au anakwenda Mwanza kula bata. Asiye nayo anakaa kibarazani akijiona ameachwa na dunia.

Imani hii naipinga, na naipinga kwa uchungu, maana nimeona inavyotula.

Desemba iliyopita mpwa wangu, anayesoma chuo Dodoma, aliingia nyumbani Kasulu jioni na vumbi la basi mwilini. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu nyumbani." Hata begi hajalitua, akaniambia, "Mjomba, mimi tarehe 27 nageuza. Huku kumepoa sana." Nilimtazama nikashindwa la kusema, kwa sababu wakati anayasema hayo kwaya ya kanisa la mtaani kwetu ilikuwa inafanya mazoezi hatua mia moja hivi kutoka tulipokaa, na sauti ilikuwa inatufikia mpaka mezani. Yeye hakuisikia. Nadhani masikio yake yalikwisha kuamua kwamba sauti ya aina ile haihesabiwi.

Kesho yake nilimwomba anisindikize kwenye mazoezi hayo. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameandika wimbo mpya ubaoni kwa chaki, zile d, r, m zetu tulizozizoea, mistari minne ya sauti nne, na palipofutwafutwa palikuwa na weupe kama unga. Wimbo ameutunga mwenyewe, maneno na nota, kwa ajili ya Krismasi ile moja. Mchana anauza vifaa vya shule. Akina mama wa sauti ya pili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wawili wana watoto mgongoni, na kila besi walipokosea kuingia, mwalimu alipiga meza kwa kiganja na wote wakarudia tangu mwanzo. Walirudia wimbo ule mara kumi na moja, nilihesabu. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Tarehe 24 usiku waliuimba mbele ya kanisa lililojaa hadi nje, watu wamesimama na miavuli wakichungulia madirishani.

Sasa niambieni, ndugu zangu: kikundi cha watu arobaini kinachofanya mazoezi miezi miwili kikatoa kazi mpya isiyosikika kwingine kokote, mbele ya watu mia kadhaa, hicho tukiite nini kama hakiitwi burudani ya sikukuu? Na kwaya hiyo ni moja tu. Kasulu ndiko yaliko makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa la Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1966. Misheni ya Kabanga ya Wakatoliki ni jirani tu hapo. Wapentekoste wako kila kona. Idd ikifika, qaswida za watoto wa madrasa zinapita mitaani, na pilau linanukia mpaka kwa jirani Mkristo ambaye sahani yake imeshawekwa kando.

Na sikukuu yetu inaanzia mbali zaidi ya kanisani. Desemba ndipo maharage ya msimu wa kwanza yanapoanza kutoka shambani. Mama anang'oa, anapura, anabeba debe kichwani mpaka sokoni, na fedha ile ile inavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani. Pitia barazani kwa mafundi wiki ile ya tarehe 20. Kuna fundi mmoja namfahamu ambaye hulala pale pale kwenye mashine yake siku tatu. Magauni ya watoto yamening'inia juu ya kichwa chake, kila moja lina kipande cha karatasi chenye jina kimebanwa kwa pini. Mtoto anapita kila jioni kuchungulia kama lake limefika mikono. Huo ndio mwanzo wa sherehe kwetu. Ukimuuliza yule mtoto kama huku kumepoa, hatakuelewa.

Lakini imani hii ina mizizi, na ni haki niieleze ilikotoka.

Wakati wa Mwingereza, Buha, nchi yetu Waha, iligeuzwa ghala la nguvukazi. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitaka watu, na kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU liliandikisha wanaume wa huku na kuwasafirisha kwa reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Aliporudi, alirudi na sanduku la bati, blanketi na shati jeupe, na watoto wa kijiji wakamkimbilia njiani. Kizazi hadi kizazi tukajifunza kwamba kizuri kinateremka kwenye gari, kinatoka mbali, na aliyebaki nyumbani hana cha kuonyesha. Baada ya Uhuru barabara zetu zilibaki za vumbi miaka mingi. Gridi ya Taifa ilitufikia mwaka 2022, na kabla ya hapo taa zetu ziliendeshwa na majenereta ya mafuta. Mtu aliyekaa gizani muda mrefu hivyo, haishangazi akiamini kwamba mwanga wote uko Dar.

Naielewa imani hiyo. Ila kuielewa hakunifanyi niikubali.

Maana hao wasanii wa Dar tunaowasubiri, wengi asili yao ni Kigoma hii hii. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa wetu walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite". Humo mlikuwa na Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex. Nchi nzima iliucheza, hata wasiojua neno moja la Kiha. Mkoa unaoweza kulisha jukwaa la taifa namna hiyo hauwezi kuwa jangwa la burudani. Vipaji vile havikuota kwenye lami ya Kariakoo. Vimetoka kwenye familia ambazo bibi aliimba akitwanga na mjomba alipiga ngoma.

Na tukifika kwenye ngoma, hapo hasa ndipo panaponiuma. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, ndugu zetu ambao Kirundi chao na Kiha chetu tunaelewana bila mkalimani, ngoma yao ya kifalme iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Watu wanatoka Ulaya kwenda kuitazama. Huku kwetu ngoma ilikuwa ishara ya umwami, yaani utawala wa machifu wetu, kuanzia Heru hadi Muhambwe, mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Leo tunaitumiaje? Tunawaita wapiga ngoma uwanjani saa mbili asubuhi kumsubiri kiongozi anayefika saa saba. Wanapiga juani, wanapewa soda, wanapanda nyuma ya lori kurudi kijijini. Ikifika jioni ya Mwaka Mpya, kwenye jukwaa lenye taa na maspika, hawaitwi.

Sitaacha kusema nilichokiona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita, katika mji mmoja kati ya Kasulu na Kibondo, gari la matangazo lilizunguka wiki nzima likimtangaza msanii mkubwa kwa usiku wa tarehe 31. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000. Vijana walikopa, na najua msichana mmoja aliyeuza kuku wawili. Tulisimama kwenye tope tangu saa mbili usiku. Saa saba mtangazaji akasema msanii amekwama njiani. Saa nane jenereta likazimwa, na hakuna aliyerudishiwa fedha yake. Watu walitawanyika gizani kwa bodaboda, watatu watatu, kwenye barabara inayoteleza. Mwaka uliofuata waandaaji wengine walikuja na tangazo la namna ile ile, na uwanja ukajaa tena. Kwa nini ulijaa? Kwa sababu tulikuwa bado tunaamini.

Vijana wataniambia mimi mzee, naichukia Bongo Fleva. Sivyo kabisa. Kijana wa Kibondo ana haki ya kumwona msanii anayempenda, kama alivyo kijana wa Sinza, na mwandaaji mwaminifu anayemleta namshukuru. Ninachokataa ni kipimo kinachosema kwamba pasipo huyo mgeni hakuna kilichofanyika. Kipimo hicho ndicho kinachomfanya mfanyabiashara wa mjini atoe fedha nyingi kudhamini usiku mmoja wa mgeni, na mwalimu wa kwaya akimfuata kuomba msaada wa sare anaambiwa aende kwa mchungaji. Ndicho kinachofanya mashindano ya mpira ya vijiji, yale ya kugombea mbuzi, yanayojaza watu mpaka juu ya miti, yachezwe bila hata kisanduku cha huduma ya kwanza.

Na watoto nao wanalipa. Kwa kuwa tunadhani burudani ni ukumbi, giza na maspika, mtoto naye tunamtafutia ukumbi, giza na maspika. Tukumbuke Tabora, majirani zetu, sikukuu ya Idd mwaka 2008. Watoto wapatao 20 walikufa wakiwa kwenye disko toto ukumbini, kwa msongamano na kukosa hewa. Walikuwa wamevaa nguo mpya. Tangu hapo kila sikukuu polisi hutangaza kwamba disko toto ni marufuku, na ni sawa. Lakini baada ya tangazo hilo, nani amewahi kuwaambia watoto waende wapi? Uwanja wa shule upo, umefungwa kwa likizo. Mzee anayejua hadithi za Kiha yupo, amekaa nyumbani. Bembea za kamba na mbao fundi seremala anatengeneza kwa siku moja.

Ninachotaka ni kitu cha kawaida kabisa. Halmashauri ya Mji Kasulu na Halmashauri ya Wilaya Kibondo zina maofisa utamaduni. Kuanzia Oktoba waketi na kwaya, vikundi vya ngoma, madrasa na timu za mpira, watoe ratiba moja ya siku kumi na mbili, ibandikwe stendi na sokoni, isomwe redioni. Vikundi vilipwe, kwa fedha, siku hiyo hiyo, na kiasi kiandikwe wazi. Shule zifungue viwanja mchana kwa watoto, na mgambo wawepo. Akija msanii wa Dar, kikundi cha hapa kipande jukwaani naye saa ambazo watu wapo, na kiingilio kirudishwe asipotokea. Taa tunazo sasa. Umeme ule wa 2022 haukuletwa kwa ajili ya mashine za kusaga peke yake.

Mpwa wangu hakugeuza tarehe 27. Tarehe 26 kulikuwa na ngoma kijijini kwa mama yake, upande wa Heru Juu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ngozi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, zinatoa sauti ya debe lililojaa maji. Wazee walikoka moto wa majani makavu ya mgomba chini ya paa la jikoni, wakaziegemeza ngoma pembeni, wakawa wanazigeuza kidogo kidogo na kuzigonga kwa kidole kimoja. Mzee mmoja alimwita mpwa wangu, akamshika mkono, akamwekea kiganja juu ya ngozi iliyopata moto. "Gonga," alimwambia. Akagonga. "Bado." Wakangoja. "Gonga tena."