Mtoto anayependa mashine aanze na hesabu kabla ya kisu

Printa imekufa. Baba anataka kuitupa, lakini kijana wake wa kidato cha pili anaiomba. Jioni anaifungua kwa bisibisi na ndani anakuta mota ndogo ya chuma yenye nyaya kadhaa. Akiizungusha kwa vidole, haitelezi kama mota ya feni. Inakwenda kwa kukwama kidogo kidogo, kama kitu kinachohesabu.

Wiki inayofuata anaonekana na simu ya mama, akitazama video ya mota ya aina hiyo ikiwa imefungwa kwenye mashine ya kukereza mbao. Kipande cha mti mweusi kinatoka na petali 24 zilizopangana sawasawa kuzunguka ukingo wake. "Mama, na mimi nataka kutengeneza hii," anasema.

Wakifika hapo, wazazi wengi huchukua moja ya njia mbili. Wapo wanaosema, "Acha michezo, shika vitabu." Wapo wanaofurahi hadi kumpeleka mtoto moja kwa moja karakana ya jirani akaone kazi. Wa kwanza wanazima udadisi ambao ndani yake kuna hesabu na fizikia. Wa pili wanaweza kujikuta hospitali na mtoto aliyeumia jicho au kidole. Ipo njia ya tatu, na inaanzia mezani nyumbani.

Mota inayohesabu

Mota ya kawaida ikipata umeme huzunguka mfululizo. Mota ya hatua, ambayo mafundi huiita stepa, husogea kipande kwa kipande. Aina iliyoenea zaidi hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, na kila hatua ni nyuzi 1.8. Kompyuta ndogo ikituma ishara moja, mota inasogea hatua moja. Ikituma ishara 50, mota inakamilisha robo ya mzunguko na kusimama hapo.

Ndiyo maana printa nyingi za zamani zilitumia mota hizi kuvuta karatasi. Na ndiyo maana wapenzi wa ukerezaji wa mapambo nchini Uingereza na Marekani wamezipenda.

Ukerezaji huo ni tofauti na ule wa mguu wa meza. Fundi wa mguu wa meza huzungusha mti kwa kasi na kushika patasi mkononi. Kwenye mapambo, mti husimama au hugeuka taratibu, na kisu kidogo ndicho kinachozunguka kwa kasi na kuchonga mchoro.

Kazi hii ina umri mrefu. Mwishoni mwa karne ya 18, kampuni ya Holtzapffel ya London ilianza kuuza mashine za aina hiyo kwa watu wenye uwezo. Wakati huo fundi alitumia sahani ya chuma yenye matundu yaliyopangwa kwa duara. Alihesabu matundu, akachomeka pini, akakata, kisha akahesabu tena. Akikosea tundu moja, kazi yote inaharibika. Leo stepa inaweza kuchukua nafasi ya sahani hiyo, na anayehesabu ni programu.

Tanzania nayo imo katika habari hii. Mti unaopendwa sana na wakerezaji wa mapambo ni mpingo, kwa sababu ni mgumu na hushika mchoro mwembamba bila kumeguka. Mwaka 1996, James Harris, mkerezaji wa mapambo wa jimbo la Texas, na Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, walianzisha African Blackwood Conservation Project kwa ajili ya kupanda na kuhifadhi mpingo.

Hesabu inapokosewa

Kompyuta haiondoi haja ya kujua hesabu. Tuchukue zile petali 24. Kifaa kinachoiendesha stepa kinaweza kugawa kila hatua mara 16, hivyo mzunguko mmoja ukawa na hatua ndogo 3,200. Ukigawa 3,200 kwa 24 unapata 133 na baki 8.

Programu ikitupa baki hilo na kusogeza hatua 133 kila mara, baada ya petali zote itakuwa imetembea hatua 3,192 tu. Pengo la hatua nane ni karibu nyuzi moja. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini kwenye mpingo uliong'arishwa jicho linaona mara moja kwamba petali ya mwisho haikukutana vizuri na ya kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Fundi akiweka mkanda na magurudumu yanayofanya mota izunguke mara tatu kila mti unapozunguka mara moja, hatua zinakuwa 9,600. Hizo zikigawanywa kwa 24 ni 400 kamili, bila baki.

Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza kugawanya kunamsaidia nini amepata jibu hapo.

Mashine haina macho

Hatari ya kwanza ya mashine hizi ni utulivu wake. Mtoto akiona mti unageuka taratibu anadhani ni salama kusogeza mkono. Anasahau kwamba kisu kilicho pembeni kinazunguka kwa kasi kubwa.

Hatari ya pili ni kwamba stepa ya kawaida haijui ilipo. Inatii ishara tu. Ikizuiwa na kipande cha mti au kidole, kompyuta huendelea kuhesabu kana kwamba kila kitu kiko sawa. Pia mota iliyosimama inaweza kuwa inasubiri amri inayofuata, ikaanza kusogea wakati mtoto ameinama kupuliza vumbi. Hata ikiwa imesimama, stepa iliyo na umeme huendelea kupata joto, na inaweza kuunguza ngozi.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajakaribia mashine ya kweli, mzazi ahakikishe mambo haya:

Kuna kitufe kikubwa cha dharura kinachokata umeme wa kisu na wa mota, na mtoto anajua kilipo.

Mtu mzima anayeifahamu mashine yuko karibu muda wote. Akitoka, umeme unazimwa.

Mtoto amevaa miwani ya usalama inayofunika na pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi.

Nywele zimefungwa, mikono ya shati imekunjwa, na hakuna bangili, mkufu wala skafu. Glovu zisivaliwe karibu na kitu kinachozunguka, kwa sababu zikinaswa huvuta mkono mzima.

Mkono haupiti kati ya kisu na mti kwa sababu yoyote ile mpaka umeme uzimwe.

Kipande kikiingia jichoni, mtoto asisugue. Vumbi la kawaida lisafishwe kwa maji safi mengi yanayotiririka. Kama kitu kimechoma jicho, kisichomolewe wala kukandamizwa. Mtoto apelekwe hospitali haraka.

Vumbi linalorudi nyumbani

Jeraha linaonekana, lakini vumbi halionekani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua kwa watu waliolivuta kwa miaka mingi kazini. Mtoto anayetembelea karakana mara moja hayuko katika hali hiyo, ila mazoea ya kujikinga hujengwa mapema.

Vumbi la mpingo lina tabia yake pia. Kwa baadhi ya watu huleta muwasho wa ngozi, chafya na hata kubanwa kifua. Mtoto mwenye pumu asikae palipo na vumbi hilo.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini vya kutosha. Inayofaa ni ile ya N95 au FFP2, iliyokaa vizuri usoni. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiwa kavu au kupulizwa. Na baba au mama anayefanya kazi ya mbao abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto mchanga, kwa sababu vumbi husafiri na nguo hadi kitandani.

Pa kuanzia

Kwa kijana wa printa, hatua ya kwanza haihitaji umeme. Atoe mkebe wa hesabu. Achore duara, agawe nyuzi 360 kwa 24, apate 15, kisha aweke alama kila baada ya nyuzi 15. Kwenye kila alama asimamishe bikari na kuchora duara jingine la ukubwa uleule. Mchoro utakaotokea unafanana na ule wa kwenye video, na amejua siri yake ni nini. Ajaribu pia 7, ambayo haigawi 360 bila baki, aone kinachotokea.

Hatua ya pili ni stepa ndogo ya volti 5, ya aina inayouzwa kwa wanafunzi. Aifungie kipande cha duara cha karatasi ngumu, aandike programu ya kukigeuza, na ashike kalamu badala ya kisu. Akikosea hesabu, hasara ni karatasi. Zile mota za printa zinaweza kutolewa, lakini kisanduku cha umeme wa ukutani kilichomo ndani kisifunguliwe. Kinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa.

Mzazi asiyejua chochote kuhusu mota bado ana kazi ya kufanya. Akae pembeni na kumwuliza mtoto, "Mwanangu, baki limekwenda wapi?" Kijana atakayeweza kulijibu swali hilo kwa kalamu, akiongozwa na fundi mwangalifu, atakuwa tayari siku moja kusogea kwenye kisu, akiwa na macho yake mawili na vidole vyake kumi.