AJALI HII INA KINGA



Watu husema, "Ajali haina kinga." Mara nyingi husema kweli. Lakini gurudumu likichomoka njiani kwa sababu halikulingana na ekseli, hiyo ni ajali yenye kinga. Kinga yake ni rula, kalamu na mtu anayejua kusoma tarakimu. Wewe sasa ni mtu huyo.

Vijiji vingi hutegemea magari ya njia mbaya, kama vile Land Rover na Land Cruiser. Magari hayo hubeba mahindi, mbolea, wagonjwa na wanafunzi. Mengi yamezeeka. Land Rover Defender ya umbo la zamani, kwa mfano, iliacha kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016. Gari likizeeka, huanza kuvaa viungo vya magari mengine. Ekseli ikivunjika, pengine fundi hufunga ekseli nzima ya gari la aina nyingine. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari hurudi barabarani. Lakini hapo ndipo linapoanza swali la magurudumu.

BOLTI TANO SI SAWA NA BOLTI TANO

Mwisho wa ekseli pana kipande kinachozunguka. Mafundi hukiita habu. Habu ina bolti zilizopangwa katika duara. Rimu ni chuma kinachobeba tairi. Rimu ina matundu. Bolti huingia katika matundu hayo, kisha nati hukazwa.

Watu wengi huhesabu bolti tu. Wakiona bolti tano na matundu matano, husema, "Inafaa." Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima upana wa duara linalopita katikati ya bolti zote. Tazama vipimo hivi:

Land Rover Defender ya zamani: bolti 5, duara milimita 165.1.
Land Cruiser 79, tangu 1999: bolti 5, duara milimita 150.
Defender mpya, iliyoonyeshwa 2019: bolti 5, duara milimita 120.
Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu manne: bolti 6, duara milimita 139.7.

Umeona? Magari matatu ya kwanza yana bolti tano tano, lakini kila moja lina duara lake. Tena mawili kati yake yana jina moja, Defender. Kwa hiyo jina la gari si kipimo.

JINSI YA KUPIMA

Kama bolti ni 6, kupima ni rahisi. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoielekea upande wa pili. Kwa Hilux utapata karibu milimita 140.

Bolti 5 hazielekeani. Basi pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake. Kwa Defender ya zamani utapata karibu milimita 97. Kwa Land Cruiser 79 utapata karibu milimita 88. Tofauti ni milimita 9 tu. Jicho linaweza kudanganyika. Rula haidanganyiki.

Duara likilingana, kazi haijaisha. Tazama tundu kubwa la katikati ya rimu: je, linaingia vizuri kwenye habu? Zungusha gurudumu: je, rimu inagusa breki? Tazama nati: je, zinakaa sawasawa kwenye matundu? Nati yenye ncha ya mteremko haifai kwenye tundu lililotengenezewa nati bapa.

DAWA MBAYA

Rimu isipoingia, wako watu wanaotanua matundu kwa tupa au kwa moto wa gesi. Wengine huziba matundu kwa kulehemu, kisha hutoboa mengine kando yake. Kwa maoni yangu, rimu ya namna hiyo isifungwe kwenye gari linalobeba watu. Tundu lililotanuliwa halishiki nati vizuri. Rimu huanza kucheza. Nati hulegea, bolti hukatika, na gurudumu huliacha gari. Haya yakitokea kwenye mteremko, na watu wamejaa nyuma, hakuna dereva hodari wa kuwaokoa.

Wengine hutumia sahani ya chuma yenye bolti za aina mbili. Upande mmoja hushika habu, upande wa pili hushika rimu. Sahani iliyotengenezwa kiwandani kwa vipimo hasa vya gari hilo inaweza kufanya kazi. Hata hivyo husukuma gurudumu nje, na kuongeza mzigo juu ya beringi na bolti. Tena kuna nati nyingi zaidi za kukagua. Mimi naiona kuwa njia ya mwisho. Sahani iliyochongwa kwa chuma chakavu, ikataeni kabisa.

NJIA IFAAYO

Njia ya kwanza ni kutafuta rimu zilizotengenezewa ekseli ile mpya. Lakini kumbukeni spea. Kama ekseli ya mbele ina duara moja na ya nyuma lingine, spea moja haitoshi. Msafiri mwenye spea isiyoingia hana spea. Afadhali ekseli zote mbili ziwe na duara moja, ili kila gurudumu liweze kukaa popote. Kama haiwezekani, gari lichukue spea mbili.

Wapo watakaosema, "Rimu sahihi ni ghali." Ni kweli, na fedha za kijiji si nyingi. Lakini hesabuni vizuri. Wekeni bei ya rimu upande mmoja. Upande wa pili wekeni gari lililopinduka, mzigo uliomwagika na mtu aliyevunjika mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya fundi." Fundi tunamheshimu. Lakini fundi hufunga kile alicholetewa. Tukimletea rimu isiyofaa na kumharakisha, kosa si lake peke yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, andikeni katika daftari la gari: bolti ngapi, duara milimita ngapi, mbele na nyuma. Mnunuzi aende dukani na karatasi hiyo pamoja na rula.

Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuata duara. Zikaguliwe tena baada ya safari ya kilomita 50 hadi 100. Na wewe abiria, usione haya kuuliza. Uhai unaopandishwa garini ni wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kuhesabu bolti peke yake hakutoshi?
2. Je, gari mnalolitegemea lina daftari la vipimo? Nani ataliandika?
3. Pimeni bolti za gari moja lililo karibu. Andikeni mlichopata.