Kiarabu cha Vijana Wetu Kisife Midomoni

 

Ndugu Waislamu, vita vilipozuka Khartoum mwezi Aprili 2023, Watanzania waliokuwa Sudan, wakiwamo wanafunzi, walirejeshwa nyumbani. Wapo pia vijana wanaorudi kutoka Madina na Cairo baada ya kuhitimu. Hapa Kigoma na Ujiji twawaona wakirudi na Kiarabu fasaha, kisha baada ya miaka michache kijana yule yule husoma kitabu na kukifahamu, lakini akikutana na mgeni Mwarabu msikitini hupotewa na maneno. Nyuma yake yupo mzazi aliyeuza mawese na dagaa ili apatikane nauli.

Wengine hudhani dawa ni kurudi kuhifadhi msamiati. Huandika vikaratasi, upande mmoja neno la Kiarabu na upande wa pili maana yake, wakavipitia usiku peke yao. Hatudharau kuhifadhi, kwani madrasa zetu zimesimama juu ya hifdhi. Lakini kulijua neno ni jambo moja, na kulitoa kwa wakati wake mbele ya mtu anayesubiri jibu ni jambo jingine. Hili la pili halipatikani ila kwa kusema.

Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa kama nusu mwezi, kama ilivyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Aghalabu tukiitaja Hadithi hii tunasifu wepesi wa akili yake. Tutazame na yaliyofuata: tangu hapo yeye ndiye aliyemwandikia Mtume barua za kwenda kwao, na kumsomea zilizotoka kwao. Elimu yake ilipewa kazi mara moja. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume ametufundisha kuwa Qur'ani huponyoka kifuani upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba, asipoangaliwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa aliyehifadhi Qur'ani, itakuwaje kwa mazungumzo ya kawaida yasiyorudiwa?

Historia ya mji wetu nayo ni ushahidi. Kiswahili kilifika Ujiji kwa njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora, kikavuka ziwa hadi Uvira na Kalemie, na leo kinasemwa katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Wamanyema waliotoka ng'ambo na Waha wa huku hawakugawiwa orodha za maneno. Walipatana bei, wakaoana, wakasali safu moja, na lugha ikakaa.

Basi tunawanasihi mambo manne. Kwanza, kila msikiti wenye vijana waliosoma Kiarabu uwatengee siku mbili kwa juma, baina ya Magharibi na Isha, wazungumze Kiarabu kitupu. Wasiishie kwenye fiqhi. Wazungumzie pia bei ya migebuka, safari ya boti na ugonjwa wa mtoto, maana hayo ndiyo yasiyomo katika vitabu vya darsa. Pili, asiye na mwenzake karibu asome ukurasa mmoja wa sira, afunge kitabu, asimulie kwa sauti aliyoyasoma. Simu pia ni neema: ajirekodi na kuwatumia sauti wenzake aliosoma nao, nao wamjibu kwa sauti. Tatu, nyumbani ateue mlo mmoja ambao ataongea Kiarabu na watoto, japo kwa maneno machache. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi majina ya vitu mia moja bado hajui kuomba maji mpaka ayaombe na apewe.

Nne, na hili ni letu sote, tuache kumcheka anayekosea irabu. Kijana aliyechekwa mbele ya jamaa hunyamaza, na mwenye kunyamaza ndiye anayesahau. Asahihishwe kwa upole baada ya kumaliza maneno yake.

Mwenyezi Mungu katika Suratur-Rum, aya ya 22, ameitaja tofauti ya lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Masheikh waliotufundisha wanaondoka mmoja baada ya mmoja, na watakaokalia mikeka yao ni hawa vijana. Wakibaki na Kiarabu cha kufasiri neno kwa neno tu, wanafunzi wao watapata pungufu ya hapo, na wa baada yao pungufu zaidi. Tuwape mahali pa kusema ilhali bado wanaweza.