Mji kasoro bahari, mji kasoro santuri

Wadau, leo naanza na karata. Si zile za kijiweni, za wazee kupiga arubastini chini ya mwembe. Naongelea mchezo unaoitwa Magic: The Gathering, ulioingia sokoni huko Marekani mwaka 1993. Kila karata ina jina, picha na maneno yanayoeleza inafanya kazi gani. Mchezaji ananunua karata, anabadilishana na wenzake, anajipangia zake 60 na kuingia nazo mezani. Zile adimu ni mali kama kiwanja. Mwaka 2021 karata moja ya Black Lotus ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Ndiyo, kipande cha karatasi.

Najua mnachouliza: karata za Wamarekani zinahusu nini na sisi watu wa Morogoro? Nivumilieni kidogo, mtaona zinahusu sana.

Mwaka 1995 kampuni inayochapa karata hizo, Wizards of the Coast, ilichapa upya karata zake za zamani katika seti iliyoitwa Chronicles. Waliokuwa wamezificha kabatini wakisubiri bei ipande wakapiga kelele kweli kweli. Mwaka uliofuata kampuni ikasalimu amri, ikatoa orodha ya karata ambazo iliahidi haitazichapa tena. Ahadi hiyo bado ipo. Matokeo yake, karata za kwenye orodha zimekuwa za matajiri, na nyingi zinakaa kwenye plastiki bila kuguswa. Zilitengenezwa zichezwe, sasa zinatunzwa kama dhahabu.

Lakini wapo wapenzi wa zamani wa aina nyingine. Mwaka 2012 Msweden Martin Berlin alianzisha mtindo wa kucheza unaoitwa Premodern, ambao unatumia karata za seti za kuanzia 1995 hadi 2003 tu. Hawa wanataka ladha ya enzi zile, ila hawakuulizi karata yako ilichapwa lini. Kama karata hiyo ilikuwemo katika seti za miaka ile, chapa ya juzi inakubalika sawa na ya mwanzo. Kwa hiyo mwaka 2023, kampuni ilipotoa seti ya Dominaria Remastered na kurudisha karata kama Counterspell na Sylvan Library, nyingi zikiwa na fremu ya muundo wa zamani, kijana aliyezaliwa baada ya 2003 aliweza kukaa meza moja na mkongwe bila kuuza shamba la baba yake.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha pia jinsi ya kuharibu. Mwaka 2022, kusherehekea miaka 30 ya mchezo, ilichapa upya karata za mwanzo kabisa na kuuza pakiti nne za karata 15 kwa dola 999. Na karata zenyewe haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi! Hiyo sio kurudisha kitu kwa watu, ni kuwauzia picha yake.

Somo nililolipata ni hili: kitu cha zamani kinaendelea kuishi pale kinapotolewa upya kikiwa kizima, kwa bei ya mtu wa kawaida. Sasa tupande basi, tushuke Msamvu.

Morogoro tunajisifu kuwa mji kasoro bahari. Tuna Uluguru inayotutazama asubuhi na jioni, tuna mito, tuna SUA na Mzumbe. Na tulikuwa na kitu ambacho miji mingi mikubwa kuliko huu haikuwa nacho. Chini ya mlima mmoja, katika mji mdogo, zilikuwepo Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, bendi iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe mpaka alipoondoka na kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Huwezi kuandika historia ya muziki wa dansi Afrika Mashariki ukairuka Morogoro. Ukijaribu, utakuwa umeandika kitabu chenye kurasa zilizochanwa.

Haya, niwaulize. Leo hii, ukitaka kununua kazi ya Salum Abdallah, sauti safi, majina ya wapigaji yameandikwa, mwaka umeandikwa, na sehemu ya hela yako inakwenda kwa wanaostahili, unaingia duka gani hapa mjini?

Kimya.

Ngoja niwaambie nani ametoa upya muziki wetu. Mbaraka alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa. Baada ya hapo Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa santuri uliopewa jina la Ukumbusho. Mwaka 2000, Dizim Records ya Ujerumani ikatoa CD ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, Ngoma Iko Huku, yenye nyimbo za 1955 hadi 1965. Mwaka 2007, Buda Musique ya Ufaransa ikatoa toleo la tatu la mfululizo wa Zanzibara, likiwa na dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Mkenya, Mjerumani, Mfaransa. Mluguru yuko wapi kwenye orodha hii? Mtanzania yuko wapi?

Sina ugomvi na hao wa ughaibuni. Bila wao tungekuwa na hali mbaya zaidi, na kazi yao waliifanya kwa heshima. Hasira zangu ni kwetu sisi wenyewe. CD zile ziliuzwa kwa bei ya Ulaya, kwa watu wa Ulaya. Mzee wa Kichangani aliyecheza muziki huo ukumbini akiwa kijana hakuwahi kuiona hata moja.

Yeye anasikiliza nini? Anasikiliza flashi. Kwa hela ya soda unajaziwa zilipendwa mpaka redio ikinai. Na ukisikiliza vizuri utakuta vituko. Zamani santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na wimbo mrefu uligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa linachemka. Aliyehamisha wimbo kwenda kwenye kompyuta mara nyingi alichukua upande mmoja, akaona inatosha. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kinachodhani wimbo fulani unaishia pale ambapo watu walikuwa ndio kwanza wanainuka vitini. Wimbo wa Cuban Marimba unaandikwa Morogoro Jazz. Wimbo wa Juma Kilaza, aliyeiongoza Cuban Marimba baada ya Salum, anapewa Salum. Wapiga magitaa na mapulizo hawatajwi kabisa, kana kwamba vyombo vilikuwa vinajipiga vyenyewe.

Sasa nijibu hoja ninazosikia kila nikilizungumza jambo hili.

Ya kwanza ni ya wazee wa santuri. Hawa wanasema asili haina mfano, nakala mpya ni bandia, na wao wanazo za asili ndani. Vizuri sana, wazee wetu, shikamooni. Lakini hizo mlizonazo ni nakala pia! Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa, sahani zikachapwa nje, nyingi Kenya, zikarudi kwa basi na treni. Tena tukirudi nyuma zaidi, Salum Abdallah alimpata wapi Mcuba? Muziki wa Cuba ulifika Afrika kwa sahani za GV, ambazo kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuzitoa mwaka 1933. Na sahani hizo zilikuwa nini? Rekodi za Amerika ya Kilatini zilizochapwa upya kwa ajili ya soko la Afrika. Kumbe bendi iliyojiita Cuban Marimba, katika mji usio na bahari, ni mjukuu wa uchapaji upya. Angekuwepo mzee kule Havana akasema rekodi zangu zisichapwe tena ili zangu za kabatini zipande bei, hadithi ya dansi letu ingekuwa nyingine kabisa.

Ya pili ni ya vijana wenzangu: mbona nyimbo zipo mtandaoni bure, unataka nini tena? Nataka ziwe nzima. Nataka jina la mwenyewe. Na nataka tuache kuita bure kitu ambacho kuna mtu anakilipia. Anayepandisha wimbo wa Mbaraka mtandaoni anaweza kupata fedha za matangazo, mwenye flashi anapata ya soda, na mwenye baa anauza bia usiku wa zilipendwa. Familia tu ndiyo inayoambiwa muziki ni urithi wa taifa. Huku milimani, nenda Matombo au Kinole, kila mtu anajua shamba la ukoo linaishia kwenye mti gani na limepitia kwa mama yupi. Mguse mpaka uone. Lakini wimbo uliopigwa na redio miaka 50 hauna mpaka wala ukoo, kila mtu analima.

Ya tatu inasema zama zimepita, watoto wanataka singeli. Waacheni watake singeli, na mimi naicheza. Lakini hao hao wanaotengeneza midundo wanatafuta gitaa la zamani la kuchomeka humo ndani, na wanalichukua kwenye flashi iliyokwaruza kwa sababu hakuna pengine. Tuwape kilicho safi, na tuwaonyeshe mlango wa kuombea ruhusa.

Na kuna saa inayogonga, wadau, ambayo nashangaa haizungumzwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Salum Abdallah alifariki Novemba 1965. Pigeni hesabu: miaka 50 iliisha 2015. Kwa zile alizotunga mwenyewe, muda wa warithi kudai malipo umeshapita, na wala hatukufanya hata kikao. Mbaraka alifariki 1979. Hamsini yake inatimia 2029. Baada ya hapo yeyote hapa nchini anaweza kuchukua tungo zake na kuzifanyia biashara bila kumuuliza mtu wa familia. Rekodi zenyewe zina hesabu yake nyingine, na sehemu kubwa ziliingia mikononi mwa makampuni. Kwa hiyo kilichobaki cha kugombania ni kidogo, na kinapungua kila Januari.

Tufanye nini? Sitaki kuishia kwenye kulalamika, maana tumelalamika vya kutosha.

Kwanza, TBC ilirithi maktaba ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zetu zilirekodiwa kwenye tepu. Tepu haikai milele, inanyonya unyevu na kupoteza sauti. Tunataka orodha ya kilichomo kuhusu bendi za Morogoro itolewe hadharani. Orodha tu, kwa kuanzia. Pili, COSOTA wakae na familia za wanamuziki hawa kabla ya 2029 na waandike nani anastahili nini, kwa lugha ambayo mjane anaielewa. Tatu, wazee wa santuri, msiuze sahani zenu kwa mtalii. Azimeni zisafishwe, zihamishwe pande zote mbili, kisha mrudishiwe. Nne, wapiga vyombo wachache waliobaki waulizwe majina sasa, wakiwa hai. John Kitime amekuwa akiandika historia za wanamuziki wetu kwenye blogu kwa miaka mingi. Mtu mmoja hawezi kuwa idara nzima ya taifa.

Tano, na hili ni la Halmashauri na vyuo vyetu hapa mjini: toeni upya albamu moja. Moja tu. Nyimbo 12, sita za Cuban Marimba na sita za Morogoro Jazz, maelezo kwa Kiswahili, majina ya wapigaji wote, makubaliano ya malipo yamesainiwa, bei ambayo bodaboda wa Kihonda anaimudu. Iwepo mtandaoni kwa jina sahihi na iwepo kwenye flashi halali pale stendi. Msituletee toleo la kifahari kwenye sanduku la mninga la kumzawadia mgeni rasmi. Hiyo itakuwa pakiti ya dola 999 kwa mtindo wa kwetu.

Kuna watakaosema fedha hakuna. Fedha za mabango ya ziara za viongozi zipo, na bango halichezeki.

Mwenye namba ya mhusika wa utamaduni pale mkoani amtumie waraka huu. Mwenye santuri ya Cuban Marimba yenye pande zote mbili, ajue kwamba ameshika nusu ya wimbo ambayo mji mzima haujaisikia.