Viza ya kutembea: tunalipia jibu lisilo na sababu

Wasomaji wangu, niwieni radhi. Nimekuwa kimya hapa wiki sita nzima. Nilikuwa nimeahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata na wengine wenu mmeniuliza iko wapi. Itakuja. Leo naomba niiweke kando, maana kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa halitashuka.

Habari yenyewe ni hii. Mpenzi wangu anatoka Ulaya. Alikuja Nakuru kupima floraidi kwenye maji ya visima, ile ile inayotupa meno ya kahawia sisi watoto wa Bonde la Ufa. Tuko pamoja mwaka wa tatu sasa. Amekaa nyumbani kwetu hapa Kaptembwo, anajua matatu ya kwenda tauni, na anajua mama mboga yupi huongeza nyanya moja juu. Mwaka huu bibi yake alikuwa anatimiza miaka 90, na bibi akasema anataka kumwona huyo kijana wa Kenya kabla macho hayajamwishia. Nikaomba viza ya kutembea, siku 14 tu. Nikakataliwa.

Sitaitaja nchi wala ubalozi. Si kwa woga. Ni kwa sababu nchi za Schengen ziko 29 na zote zinatumia kanuni moja, ile ya mwaka 2009 nambari 810, na fomu moja ya kukataa. Ugomvi wangu leo ni na huo mfumo, si na karani aliyepiga mhuri.

Kwanza mjue kinachotakiwa. Pasipoti. Picha. Bima ya safari ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko. Mahali pa kulala. Nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Alama za vidole vyote kumi. Halafu inakuja sehemu ngumu: uthibitisho kwamba utarudi kwenu. Kanuni yenyewe imetaja mifano: tikiti ya kurudi, uwezo wa fedha, ajira na taarifa za benki, mali isiyohamishika, familia na hadhi yako ya kikazi. Ada ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, zamani ilikuwa 80. Kwa pesa zetu ni kama shilingi 13,500, bado hujaweka ada ya wakala anayepokea makaratasi. Kwa jirani zangu wengi hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Na hairudishwi ukikataliwa.

Mimi ni mwanaprogramu wa kujitegemea. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, lakini sina mwajiri. Leo ni duka la dawa la Njoro linataka programu ya stoo, kesho ni chama cha wafugaji kinataka hesabu ya maziwa. Malipo mengine yanaingia benki, mengine M-Pesa. Sina pesilipi. Sina hati ya shamba kwa jina langu, na nionyesheni kijana wa miaka 28 wa Kaptembwo aliye nayo. Nilipeleka mikataba, taarifa za benki za miezi sita, taarifa za M-Pesa na cheti cha kusajili biashara. Nilipanda matatu ya saa tisa usiku kwenda Nairobi, kilomita 160, ili niwahi foleni ya asubuhi. Baada ya siku 19 nikarudi Nairobi kuchukua bahasha.

Ndani mna karatasi yenye orodha ya sababu, na kisanduku kimoja kimetiwa alama. Kinasema kuna shaka ya msingi kuhusu nia yangu ya kuondoka kabla ya viza kuisha. Basi. Hakuna mstari unaosema shaka imetoka wapi. Je, ni benki? Ni M-Pesa? Ni mpenzi wenyewe? Ni umri wangu? Ni anwani ya Kaptembwo?

Sasa nizungumze nanyi kama watu wa kompyuta. Fikirini nimewaandikia programu. Mtumiaji anaweka jina na nywila, programu inamjibu: "Kuna shaka." Anajaribu tena, inamjibu: "Kuna shaka." Na kila akijaribu inamkata shilingi 13,500. Mteja angenifukuza siku hiyo hiyo, na angekuwa na haki. Kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kwamba ujumbe wa kosa lazima umwambie mtu arekebishe nini. Kosa lisiloelezwa halirekebishiki.

Najua mtakavyosema, kwa sababu nimeshaambiwa tayari na watu wangu wa karibu. "Ndugu, hukujipanga." Huu ndio msemo ninaotaka kupambana nao leo. Sisi Wakenya tukinyimwa viza tunageukiana wenyewe. Aliyepata anajiona mjanja, aliyekosa anaona aibu na kunyamaza. Kwa miaka mingi nimeona marafiki wakienda Nairobi na kurudi kimya, na hakuna anayeuliza swali la msingi: mtu anajipangaje kwa mtihani ambao hasahihishiwi?

Na "kujipanga" maana yake ni nini hasa? Kuna watu River Road watakaokupangia vizuri sana. Taarifa ya benki yenye mamilioni, barua ya mwajiri, hata pesilipi. Mimi nilipeleka ukweli wangu wenye makunyanzi, mwezi mmoja pesa nyingi, mwezi mwingine karibu hakuna. Karatasi ya kughushi siku zote ni safi kuliko karatasi ya kweli. Mfumo unaopima usafi wa karatasi unamfaa mwongo na kumwadhibu mkweli. Sisemi mkaghushi, jamani! Ukikamatwa umejiharibia. Nasema mfumo wenyewe ndio unaolisha soko hilo.

Wengine wameniambia, "Oa tu, yaishe." Nikakaa nikasoma sheria usiku kucha. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004, nambari 38, linarahisisha viza kwa mke au mume wa raia wao, na linaitoa bure. Lakini linamhusu raia anayekwenda nchi nyingine ya Umoja, isiyo yake. Kwa hiyo tungeoana, agizo hilo lingenisaidia kumsindikiza nchi jirani na kwao, ila kwenda kwao kwenyewe kumwona bibi yake ningetegemea sheria za nchi yake. Mwanaprogramu akiona kitu kama hicho kwenye msimbo wake hujua kwamba hakuna aliyekipitia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na ndoa haiwezi kuwa njia ya kukwepa foleni. Mimi namheshimu huyu dada kuliko hivyo.

Tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Msidhani ni afisa peke yake anayetia shaka. Uingereza, ambayo haimo Schengen, ilikuwa na programu iliyopanga maombi ya viza kwa rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Uraia wa mwombaji ulikuwa mojawapo ya vigezo. Mashirika ya JCWI na Foxglove yakaipeleka serikali mahakamani, na Agosti 2020 serikali ikaiacha programu hiyo kabla kesi haijasikilizwa. Walalamikaji walieleza jambo ambalo kila mmoja wetu ataling'amua: ukiwa mwekundu unachunguzwa zaidi, ukichunguzwa zaidi unakataliwa zaidi, na kukataliwa kwako kunawapaka wekundu wenzako wa nchi yako. Uholanzi nayo, gazeti la NRC pamoja na Lighthouse Reports walifichua Aprili 2023 kwamba wizara ya mambo ya nje ilikuwa ikitumia programu ya kuwapangia alama waombaji wa viza fupi, na uraia, jinsia na umri vilikuwa kati ya vigezo vyake.

Kwa hiyo kuna mwanaprogramu mahali fulani, pengine wa umri wangu, anayependa kahawa kama mimi, aliyeandika mstari unaosema kijana wa kiume kutoka nchi fulani ni hatari. Yeye hakumchukia mtu. Alipewa jedwali akalifuata. Ndiyo maana naandika haya kwenye ukurasa wa teknolojia. Ukiandika programu inayowahukumu watu, hakikisha inaweza kumjibu mtu akiuliza "kwa nini".

Haya, nimpe mpinzani haki yake. Kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Na ni kweli wapo wanaoingia kwa viza ya kutembea wakapotea. Sikatai. Lakini Ulaya sasa wana mfumo wa EES, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, wa kuandika kwa alama za vidole na picha kila mgeni anapoingia na anapotoka. Yaani wana njia ya kujua nani alirudi na nani hakurudi. Kama unaweza kuhesabu kilichotokea, kwa nini uendelee kubahatisha kwa kuangalia kama kijana ana shamba? Anayeomba mara ya kwanza mpeni siku chache, mumpime kwa kitendo. Akirudi, mara ya pili msimsumbue. Akipotea, jina lake na vidole vyake mnavyo.

Hata mahakama yao wenyewe ilisema mfumo usidai miujiza. Tarehe 19 Desemba 2013, katika kesi ya Mwirani mmoja, Koushkaki, dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba viza hainyimwi kwa sababu isiyo kwenye orodha ya kanuni, na kwamba afisa hahitaji kuwa na hakika kuwa mwombaji atarudi. Anachoamua ni kama kuna shaka ya msingi. Vizuri. Lakini shaka ya msingi si ina msingi? Basi andikeni huo msingi, hata mistari miwili.

Mtaniambia kuna rufaa. Ipo, kanuni inaitambua, lakini kila nchi na utaratibu wake. Ujerumani, kwa mfano, ilifuta tarehe 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuuomba ubalozi uangalie uamuzi upya. Kilichobaki ni kuomba upya na kulipa upya, au kwenda mahakamani. Hebu mwambie mtu wa Kaptembwo afungue kesi Berlin kwa ajili ya sherehe ya bibi.

Na pesa? Mwaka 2024 maombi ya viza fupi za Schengen yalikuwa takriban milioni 11.7, na karibu milioni 1.7 yalikataliwa. Kikundi cha LAGO Collective kilipiga hesabu kikapata kwamba waliokataliwa mwaka huo waliacha kama euro milioni 145. Hizo ni ada pekee, kabla ya bima, wakala na nauli. Najua kupitia ombi kuna gharama. Sawa, kateni gharama, rudisheni nusu. Anayepata pesa ile ile akikubali au akikataa hana sababu ya kukataa kwa uangalifu.

Tena niseme na serikali yetu. Kenya ilifuta viza kuanzia Januari 2024. Mpenzi wangu alijaza fomu ya idhini ya kusafiri kwenye simu, akiwa kitandani kwao, akalipa dola 30 na siku ya pili akajibiwa. Hakuulizwa shamba. Mimi nafurahi aliingia kirahisi, wala sitaki ateswe ili mimi nifarijike. Na sisi si malaika, maana fomu hiyo ilipoanza tuliwatoza hata ndugu zetu wa Malawi na Zambia waliokuwa wakiingia bure, hadi Waafrika wengi walipoondolewa humo mwaka 2025. Lakini serikali iliyofungua mlango wake ina haki ya kuuliza mlango wa pili. Mnapokaa na Ulaya kuzungumzia maua na biashara, wekeni na hili mezani: sababu kwa maandishi, na sehemu ya ada irudi. Hamuombi hisani hapo.

Bibi alitimiza miaka 90 Jumamosi moja mwezi uliopita. Mimi nilikuwa hapa Kaptembwo, nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari. Akaniangalia kwenye kioo, akasema kitu kwa lugha yao, wote wakacheka. Nikauliza amesema nini. Mpenzi wangu akasita kidogo, kisha akatafsiri: anauliza kwa nini hukuja, je, huwapendi? Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi sikupewa.

Nitaomba tena, na nitalipa tena. Ila safari hii sinyamazi. Wewe uliyekataliwa, andika hapa chini sababu iliyotiwa alama na mwaka, bila jina lako wala nambari ya pasipoti. Nitazikusanya kwenye jedwali nililoliandaa, na ndiyo itakuwa data ya sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Haya, tukutane wiki ijayo.