Eti Singida "Haijaguswa"

Juzi nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha utalii kuhusu Singida. Ukurasa mmoja tu, Kiingereza kwenda Kiswahili. Sentensi ya kwanza ikanigomea: "an untouched land". Nikaandika "nchi ambayo haijaguswa", nikamsomea mama kwenye simu. Akauliza, "Haijaguswa na nani, mwanangu?"

Jamani, hilo ndilo swali ambalo Kiingereza cha utalii hakitaki uulize. Mama amelima alizeti tangu sijazaliwa. Chini ya majabali yanayosifiwa humo, kuna akina mama wanaponda kokoto toka asubuhi. Lakini kwenye kipeperushi hakuna mwenyeji anayefanya lolote. Vitenzi vyote kapewa mgeni: discover, explore, experience. Sisi tumeachiwa vivumishi: friendly, colourful, authentic. Mgeni anagundua, sisi tunatabasamu. Hata Ziwa Kindai lina flamingo tu, halina watu. (Na flamingo wenyewe kwa Kiswahili ni heroe, ila nani analikumbuka tena neno hilo?)

Wala si kosa la mwandishi mmoja. Graham Dann aliandika kitabu kizima, The Language of Tourism, mwaka 1996, kuonyesha kwamba lugha hii haielezi mahali tu, inamwelekeza msafiri atazame nini na akitazame vipi.

Kilichonichefua hasa ni aya ya Mkalama, wanakoishi baadhi ya Wahadzabe. Eti ni watu "frozen in time", wa mwisho wa aina yao. Walioganda! Jirani tu na hapo, Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Sasa niambie, aliyeganda anapataje hati? Hati ni vikao, ni ramani, ni mihuri, ni nenda-rudi za ofisini. Walipigania ardhi hiyo kwa sababu wengine walikuwa wanaimega. Na hapo ndipo maneno haya yanapouma: mtu ukishamwita "wa mwisho" umeshamuaga, na nchi ukishaiita "haijaguswa" umeshasema haina mwenyewe. Kesho ikigawiwa, nani atashangaa?

Utaniambia utalii unaleta hela. Sawa, uje, tunauhitaji. Utaniambia pia Kiingereza ndivyo kilivyo. Hapana, kina maneno ya kawaida kabisa ya kulima, kuvua na kudai. Mbaya zaidi, sisi wenyewe tunaiga. Siku hizi nasoma kwa Kiswahili kwamba Singida ni "kito kilichofichika". Kimefichwa wapi? Mabasi ya Mwanza yanapita pale kila siku, abiria wanashuka wananunua kuku! Hata neno letu safari limerudi kwetu likiwa na simba na gari la wazi juu. Mama akienda Manyoni msibani, hiyo siyo safari?

Nikaandika hivi: "Nchi ya wakulima wa alizeti, wafugaji, na Wahadzabe wanaoijua ardhi yao." Kikarudishwa kesho yake. Hakina mvuto, walisema, halafu neno "wanaoijua" liondolewe.

Sikuliondoa. Mama bado anauliza kama nimelipwa.