Bei ni Moja

Wapo watu, na miongoni mwao wamo wenye elimu na busara, washikao kwamba kosa ni kosa, na kwamba mtu akiisha kuivunja sheria ya barabarani haifai kuulizwa ameivunja kwa kiasi gani. Na kwa itikadi hiyo Tanzania Bara tumeridhia cheti cha shilingi 30,000 kwa gari, kana kwamba aliyeunguliwa na taa ya breki na aliyeyapita magari penye kona ni ndugu wa tumbo moja.

Mimi nilipigwa tochi penye kibao cha 50 nikiwa na 57, wala sikubisha, kwani kibao nilikiona. Chini ya mwembe nilimkuta dereva wa basi ambaye tochi ile ile ilimsoma 91, na hapo watoto wa shule walikuwa wakivuka na madumu yao ya maji. Tukaandikiwa sawasawa. Kijana yule akaniamkia kwa adabu, kisha akacheka: “Mzee wangu, bora ungekanyaga mafuta tu, bei si ni moja?”

Jawabu sikuwa nalo. Kishindo cha gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hata atokaye 50 akafika 91 hukizidisha mara tatu na ushei, ilhali faini haisogei hata senti. Mwaka 2021 serikali iliposhusha faini ya bodaboda na bajaji kuwa 10,000, ilikiri kwamba faini yaweza kutiwa mizanini. Walakini ikapima chombo, kosa lenyewe ikaliacha chini.

Huambiwa kwamba viwango vingi vitamfungulia trafiki mlango wa kujadiliana. Ajabu! Mlango huo uko wazi tangu zamani, na aupitaye kwanza ni huyo mwenye 57, ambaye kwa kuiona 30,000 kuwa ni dhuluma huikunja noti ya 5,000 kiganjani na kuiita “ya maji”. Tochi haijadiliani na mtu. Nambari iliyomo kiooni ingetosha kuwa kadhi.

Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za 2016, walijenga ngazi: azidishaye kilomita 6 hadi 10 hulipa shilingi 500 za huko, azidishaye 16 hadi 20 hulipa 10,000. Kwa ngazi hiyo, mimi ningetoa 500 zangu nikaenda zangu. Kijana wa basi angepita vidato vyote vya faini, akaongozwa kwa hakimu.